Siku Ambulensi Ilipoacha Kuchaji

Mafundi wenzangu, nyie mnaobaki na mita na spana zangu, siku ile ya kuniaga mliniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Tandika, asubuhi sina pa kwenda, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka kujua kazi hii ilinilipa vipi apite nyuma ya nyumba yangu, ukuta wa upande ule haujapigwa plasta mpaka leo.

Nilikuja Dar nikiwa msichana kutoka Upareni, kwa mjomba wangu aliyekuwa karani. Mjomba alitaka nisome kupiga chapa. Chuo kikachelewa kufunguliwa, na jirani yake, Mzee Awadhi, Mwarabu wa Temeke aliyerithi duka la betri kwa baba yake, alikuwa anahitaji mtu wa kupokea wateja. Nikaenda kumshikia kwa muda tu. Muda huo umeisha mwezi uliopita.

Siku ya kwanza sikuonyeshwa gari. Mzee Awadhi alinipa beseni la maji ya moto, magadi na brashi ya waya, akaniwekea mbele betri iliyoota ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake. "Osha," akasema. "Na usiguse macho mpaka unawe." Nikaosha. Jioni nikakuta gauni langu lina matundu mapajani, tindikali imelitafuna kama mchwa, na mke wa mjomba akaniuliza nimeanguka kwenye jiko la nani. Kesho yake Mzee Awadhi alinikuta mlangoni, akanipa ovaroli la mwanawe na kuendelea na shughuli zake. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Alichonifundisha kinaingia kwenye kiganja, lakini nimekitumia kila siku. Kazi kubwa ya betri ni kuwasha gari. Gari likishawaka, alteneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, ndiyo inayolisha taa, redio, feni na vingine vyote, na inairudishia betri ilichotoa. Ukizima injini, kila kinachobaki kimewaka kinakula betri peke yake. Na betri inayoachwa ikauke mara kwa mara hairudi kama ilivyokuwa, hata uichaji vizuri namna gani. Kila ikikauka, kuna sehemu yake inakufa.

Zamani mnyonyaji wa betri alikuwa rahisi kumjua. Mtu ameacha taa ndogo, basi, unamshtulia betri kwa betri nyingine anaondoka. Siku hizi gari linazimwa lakini halilali. Kuna alamu, kuna kifaa cha kulifuatilia, kuna redio inayokumbuka stesheni, kuna taa za bluu chini ya viti ambazo sijawahi kuelewa zinamulika nini, kuna spika za singeli zimejaza buti nzima. Kila kimoja kinakunywa funda dogo usiku kucha. Mteja mmoja wa Kunduchi alibadilisha betri mara mbili kabla hajaniita. Nilimwomba anifungie ndani ya buti. Alisita, na mke wake akasita zaidi. Nikalala mle kwenye giza, nikakuta si giza: taa ya buti inaniangalia, mlango umefungwa na yenyewe inawaka. Kibonyezo chake kilikuwa kimevunjika. Niligonga wanifungulie, na walichukua muda kuliko nilivyopenda.

Lakini kesi ninayotaka mwijue vizuri ni ya ambulensi ya Chamazi.

Ilikuwa Hiace ya petroli, ya kituo kidogo cha afya cha watu binafsi, na ndilo gari pekee walilokuwa nalo. Kila ikikaa siku mbili bila safari, asubuhi haiwaki. Dereva wake alikuwa anaitwa Kondo, mtu wa Mbagala, mwembamba, mpole, ana mapacha wadogo nyumbani. Mganga wa kituo, Dokta Joakimu, alishaamua kwamba Kondo analala humo na redio. Nilipofika mara ya kwanza Kondo alinipokea begi la vifaa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Shikamoo Mama Eli. Mie sijawahi kulala humo na redio. Dokta kasema ikigoma mara moja tena nikabidhi funguo. Ukiona kosa ni langu, sema. Ila naomba utafute kwanza."

"Marahaba. Nitatafuta," nikamwambia. "Nikilikuta lako nitalisema mbele yako."

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikaweka mita katikati yake, nikafunga milango yote na kusubiri gari litulie. Mita ilitakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikagoma kwenye ampea moja na ushee. Nikaanza kuchomoa fyuzi, moja moja. Redio nikaitoa, mita haikutikisika, na Kondo aliyekuwa amesimama nyuma yangu akashusha pumzi. Taa za ndani, hakuna. King'ora, hakuna. Nikamaliza fyuzi zote na ile ampea ipo pale pale. Hapo ujue kuna waya umepita nje ya boksi la fyuzi. Nikaufuata kwa vidole kutoka kwenye betri, chini ya zulia, mpaka nyuma ya kitanda cha mgonjwa. Uliishia kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ilikuwa imewashwa. Haikuwa imechomekwa kitu chochote, lakini inveta ikiwa imewashwa inakula hata kama haina kazi.

Nikauliza nani anaiwasha. Kondo akaangalia chini. Aliyejibu ni Sista Rehema, nesi wa zamu, mwanamke wa makamo, mnyoofu, aliyekuwa ametoka na glavu mkononi.

"Ni mimi, na sitaki izimwe."

"Sista, hiyo ndiyo inaua betri."

"Hiyo ndiyo inaendesha mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu. Nilishawahi kuingia humu na mtoto hapumui, nikabonyeza swichi, mashine haikuwaka. Nabonyeza, naangalia waya, nabonyeza. Yule mtoto alikuwa ananiangalia. Baadaye akaacha kuniangalia." Akavua glavu moja. "Tangu siku hiyo sizimi. Nataka nikiingia niikute inawaka."

Nimetoa waya kwenye magari mengi yaliyoharibiwa na ujinga, lakini hili liliharibiwa na mtu aliyekuwa anajali. Nikafunga rilei: Kondo akigeuza ufunguo, inveta inawaka yenyewe, akizima gari, nayo inalala. Sista Rehema alinisimamia mpaka mwisho, akageuza ufunguo mwenyewe mara tatu nne, akaitazama ile taa ya kijani ikija na kuondoka. Akasema, "Sawa." Nilimwambia Dokta Joakimu mbele ya Kondo kwamba dereva hana kosa. Nikamwambia pia kwamba alteneta imechoka. Miezi yote ile ilikuwa inajaza betri kavu, inafanya kazi ya kubeba mzigo mzito kila ikiwaka, na imeanza kunuka kuungua. Ibadilishwe haraka. Alisema ataiingiza kwenye bajeti ijayo. Mnajua maana yake.

Masika yakaanza. Mchana mmoja, mvua imeshika kuanzia alfajiri, Kondo akanipigia. Taa nyekundu ya betri ilikuwa imewaka akirudi kituoni, na sasa gari haliwaki kabisa. Nikachukua betri moja kutoka kwenye chaja pale gereji kwetu, nikaifunga nailoni, nikaifunga na kamba nyuma ya bodaboda, mimi nikabanwa katikati. Tulifika Chamazi tumelowa mpaka soksi. Nikaifunga ile betri, gari likawaka mara moja. Nikaweka mita juu ya vichwa vya betri. Injini ikiunguruma mita inatakiwa ipande, ifike volti kumi na nne hivi. Ilisimama kwenye kumi na mbili na pointi nne, halafu mbele ya macho yangu ikawa pointi tatu.

"Imekufa," nikamwambia Kondo. "Haichaji hata kidogo. Gari lisitoke, nakwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta alteneta nyingine."

Mikono yangu ilikuwa bado ina grisi mlango wa kituo ulipofunguliwa. Sista Rehema alikuwa anarudi kinyumenyume, anavuta kitanda cha magurudumu. Juu yake alikaa mwanamume mzima, shati limefunguliwa vifungo, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayeinua kitu kizito. Alikuwa Mwalimu Mgaya wa shule ya msingi ya jirani. Alikuwa pale tangu asubuhi na pumu, dawa zilimpa nafuu, kisha zikaacha kumpa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi," Dokta Joakimu alisema. "Mtungi wetu wa oksijeni umekwenda kujazwa. Ambulensi ya jirani iko ng'ambo ya maji, haipiti. Teksi zote zinakataa. Fundi, hili gari linafika Temeke?"

Watu wote watatu wakaniangalia. Mwalimu hakuniangalia, yeye alikuwa anaangalia kifua chake.

"Injini hii inakula umeme ili iwake," nikasema. "Pampu ya mafuta, kompyuta, plagi. Leo vyote vinakula betri hii peke yake. Tukiwasha taa, king'ora, feni, waipa na ile mashine, hatufiki hata nusu ya njia, pale Rangi Tatu. Tukizima kila kitu, inaweza kufika."

"Inaweza?"

"Dokta, jibu la hakika sina."

Akafikiri kidogo. "Nenda nao," akaniambia. "Mke wake tutampigia awakute huko."

Nikakaa mbele kushoto. Nikachomeka ncha za mita kwenye tundu la kiberiti cha sigara pale dashibodi na kuzibana kwa utepe, nikaiweka mita magotini. Nyuma, kile kidirisha cha katikati kilikuwa wazi, namsikia Mwalimu anavyovuta hewa, mluzi mwembamba, na mashine ya mvuke inanguruma karibu na uso wake. Kondo akaingiza gia.

"Kondo, sikiliza. Gari likizima njiani halitawaka tena. Usiliache lizime hata kwenye foleni. Punguza mwendo kwa gia, ukikanyaga breki taa za nyuma zinawaka na zinakula. Chomoa simu yako hapo kwenye chaji."

Akaichomoa. "Taa za mbele je? Mvua hii hawatatuona."

"Acha zile ndogo. Kubwa zima. Feni ya ndani zima."

Tulipita Mbande bila taa kubwa, mchana umekuwa mweusi kama magharibi. Bila feni kioo kikajaa ukungu mara moja. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikawa nasugua kioo upande wa Kondo, halafu wangu, halafu wake. Waipa nilizishika mwenyewe: nawasha, zinapiga mara mbili, nazima. Kondo anaona barabara kwa vipande. Mita ilisema kumi na moja na pointi nane.

"Sista," nikaita kwa kile kidirisha. "Mashine yako inakula kuliko injini yenyewe. Zima hiyo."

"Dawa haijaisha kwenye kikombe."

"Ikiisha zima."

"Ikiisha nitakuambia."

Nikasubiri. Tulikuwa tunaingia Mbagala na sioni kingine ila zile namba. Pointi saba. Pointi sita. Kompyuta ya injini ile, betri ikikaribia kumi, huwa inaanza kuchanganyikiwa, gari linakohoa na kufa. Nilikuwa nimeshaliona hilo mara nyingi, ila yale magari yalikuwa yamesimama gereji na aliyekuwa anasubiri nje alikuwa anasoma gazeti.

"Imeisha," Sista Rehema akasema, na ule mngurumo wa nyuma ukakatika. Namba ikarudi juu kidogo. Nilipogeuka nilimkuta anakata chupa ya maji ya plastiki kwa mkasi wa bandeji. Akatoboa kitako chake, akachomeka pampu ndogo ya pumu, ule mdomo wa chupa akaupeleka kwa Mwalimu. "Vuta, Mwalimu. Taratibu. Nyingine." Ile haikuhitaji umeme. Mluzi ukapungua. Kondo alinitupia jicho, mie nikatikisa kichwa kwamba twende.

Rangi Tatu foleni ilikuwa imejifunga. Magari yanapishana kila upande, maji yamefika nusu ya matairi.

"Nipige king'ora, Mama?"

"Kidogo sana."

Akapiga, pointi tano ikawa pointi mbili, nikamshika mkono akaacha. Magari mawili yakasogea. Mbele yetu akatokea trafiki kwenye koti la mvua, kanyoosha mkono kwenye kioo cha Kondo. Kondo akashusha kioo kwa kuzungusha mpini wake.

"Ambulensi gani hii haina taa?" trafiki akauliza. "Unataka kuua watu? Egesha pembeni, zima gari."

"Afande, nikizima haliwaki tena. Halichaji. Nina mgonjwa."

"Zima gari kwanza, tuongee."

Kondo hakuzima. Mguu wake uliendelea kushika mafuta injini isishuke. Trafiki akazunguka, akaweka tochi yake kwenye kioo cha ubavuni. Alikaa hapo kwa muda ambao niliuona mrefu. Aliporudi uso ulikuwa mwingine. Akaenda mpaka kwenye ukingo wa barabara ya mwendokasi, akasimamisha basi lililokuwa linakuja, akatuonyesha kwa tochi tuingie. Hatukupata hata nafasi ya kumshukuru.

Kwenye njia ile ya mabasi tulipata mwendo. Nikaanza kupiga hesabu ya barabara iliyobaki na namba zilizobaki, nikaona zinakaribia kulingana. Hapo ndipo mluzi wa nyuma ukabadilika. Ulikuwa unapungua, lakini si kwa nafuu. Ulikuwa unapungua kama redio inayoishiwa betri. Sista Rehema akaita, "Mwalimu. Mwalimu, niangalie."

Mashine ya mvuke ikaanza kunguruma. Hakuniuliza. Namba magotini kwangu ikaanguka mpaka kumi na pointi tisa.

"Sista, gari litazima."

"Huyu ataanza kuzima yeye."

"Likizimia hapa hatuna pa kumpeleka. Zima, mpe ile ya chupa."

"Hana nguvu ya kuvuta ya chupa. Mie sizimi."

Nikafungua mdomo niseme tena, nikaufunga. Nilikuwa naijua betri, na yeye alikuwa anamjua mgonjwa, na wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Nikaacha kumtazama yeye nikatazama dashibodi. Nini kimebaki? Taa ndogo: nikazima. Redio ilikuwa imezimwa lakini kioo chake kinawaka saa: nikachomoa fyuzi yake. Taa ya ndani juu ya kitanda, nikamwambia Kondo anipe tochi ya simu, nikampitishia Sista, nikazima ile taa. Zikabaki waipa.

"Kondo, unaweza kuendesha bila waipa?"

Alitoa kichwa dirishani, mvua ikampiga usoni, akaendesha hivyo, jicho moja limefumba. Mie nikawa macho yake ya kushoto. "Basi mbele, liko mbali. Nyoosha. Kuna mtu anavuka, kuna mtu." Pale Mtoni maji yalikuwa yanakata barabara, ya kahawia, yanabeba takataka. Tukaingia. Nikasikia bomba la moshi linagugumia chini ya maji. Injini ikashuka, ikatetemeka, Kondo akakanyaga mafuta, akashikilia klachi katikati, ikashuka tena. Mita ilisema kumi na pointi nne. Nilikuwa nimeshika mlango kana kwamba naweza kulibeba gari. Kisha matairi ya mbele yakapanda kwenye lami kavu kidogo na injini ikapata pumzi.

Getini kwa hospitali mlinzi alituona tunakuja gizagiza bila taa, akaamua mwenyewe kufungua. Wahudumu walikuwa wanatusubiri, mke wa Mwalimu akiwa kati yao kwenye kanga iliyolowa. Milango ya nyuma ikafunguliwa, watu wakakishika kitanda, Sista Rehema akakimbia pembeni yake ameshikilia barakoa, wakaingia ndani.

Sisi wawili tukabaki kwenye gari linalounguruma.

"Mama," Kondo akasema. "Nizime?"

"Zima."

Akazima. Akageuza tena ufunguo, sijui kwa nini, labda kujaribu. Ikasikika tik, moja tu. Akaweka paji la uso kwenye usukani akakaa hivyo, maji yanamtiririka shingoni. Mie mita ilikuwa bado magotini na sikuweza kufungua vidole nilivyokuwa nimeishikia.

Sista Rehema alitoka kukiwa kumeshawashwa taa za nje. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akavua viatu akamwaga maji. "Yuko kwenye oksijeni ya ukutani," akasema. "Anapumua. Wamesema tungechelewa kidogo wasingempokea hai." Kisha akanigeukia. "Kwa nini uliacha kuniambia nizime?"

"Niliona hutazima."

"Nisingezima," akakubali. Tulikaa hapo mpaka gari la kutuvuta lilipopatikana.

Alteneta ilipatikana wiki ile ile, bajeti ikawa imejipata. Kondo anaiendesha ambulensi ile mpaka leo, na Dokta Joakimu hakutaja tena habari ya redio.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike haya yote. Masika yalipoisha, mtu mmoja alikuja gereji akauliza kama fundi mwanamke yupo. Sikumtambua amevaa koti. Alikuwa Mwalimu Mgaya. Nilimvutia kiti, nikamwagizia chai ya tangawizi kutoka kijiwe cha pembeni, akanywa polepole. Sista Rehema alikuwa amemsimulia, na alitaka kuiona ile mita. Nikamwonyesha, nikamweleza namba zilikuwaje, taa gani inakula kiasi gani, mashine yake ilikuwa inakula nini. Alisikiliza vizuri, kama walimu wanavyosikiliza, kisha akaiweka mezani.

"Siku ile mimi sikujua habari ya betri," akasema. "Nilikuwa kitandani pale, sioni mbele. Nilikuwa nasikia vipande tu, mluzi wa kifua changu unafunika maneno mengine. Sauti ya mwanamke inasema, zima hiyo. Halafu, na ile nayo zima. Sista anajibu, bado kidogo, haijaisha. Sikusikia mnazungumzia nini. Nikaelewa kwamba mnazungumzia mimi. Kwamba mmeshaona haiwezekani na mnajadiliana lini mniache."

Nikaisogeza mita pembeni.

"Nilikubali," akaendelea. "Pumzi ikikosekana mtu anakubali haraka. Nikawa nasubiri zamu yangu. Halafu Sista akasema, mie sizimi. Nikasema moyoni, basi, ninaye mtu mmoja. Nikasubiri wewe umjibu." Akatabasamu kidogo. "Hukumjibu. Nikajua mmekuwa wawili. Ndipo nikajaribu kuvuta tena."

Alimaliza chai yake, akanishukuru, akaondoka zake kwa mguu.

Nimepanda ambulensi mara kadhaa tangu hapo, kupima chaji gari likiwa na mtu ndani. Nyie mtapanda pia, maana magari haya yanaongezewa vifaa kila mwaka na betri ni ile ile moja. Zima kinachotakiwa kuzimwa, wala usione aibu kubishana na nesi. Ila kabla hujagusa swichi ya kwanza, geuka nyuma, mtafute mgonjwa kwa macho, hata kama unadhani amelala, na umwambie kwa sauti atakayoisikia: nazima taa, ni taa tu.